Ua wa Kinoo ambako kila kuku ana mkubwa wake

UKITOKA jijini Nairobi kwa barabara ya Waiyaki, ukapita Kangemi kisha Uthiru, utafika Kinoo. Kama ulipafahamu mahali hapa miaka 20 iliyopita, msomaji, leo utalazimika kuuliza njia. Palipokuwa na mahindi, majani ya ng'ombe na miparachichi pameota majumba ya kupangisha ya orofa tano na sita, yamebanana mithili ya abiria katika matatu ya mwisho usiku. Kila roshani ina nguo zilizoanikwa na kila kona ina kibanda cha mboga.

Hata hivyo, usikate tamaa. Shika kijia kinachoteremka nyuma ya duka la agroveti, ruka mtaro wa maji machafu, kisha ubishe kwenye lango la mabati ya kijani. Kabla ya kufunguliwa utamsikia jogoo akiwika saa sita za mchana kana kwamba ndiyo kwanza kumekucha. Hapo ni kwa shangazi yangu.

Ploti yake ni ile ya kawaida, 50 kwa 100. Mbele pana nyumba yake ya mawe, kando pana vyumba alivyopangisha watu, na nyuma pamebaki ua wa futi 20 kwa 30 hivi, umezungushiwa wavu wa waya. Ndani yake mna banda la mbao na mabati, mparachichi mmoja mzee, meza kuukuu iliyovunjika mguu, magurudumu ya gari, matawi makavu na kuku 15. Nilidhani takataka zile zilitupwa mle kwa kukosa pa kuzitupa. Baadaye nilijifunza kwamba kila kitu uani mle kimewekwa kwa sababu.

Sikwenda kule kutalii. Nilikwenda kumpeleka kuku.

Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka jana. Mama yangu, ambaye anaishi karibu na Mumias, alimtumia binti yangu wa miaka 9 tunu kwa basi la usiku: tembe mwekundu wa kienyeji, yaani kuku jike ambaye bado hajaanza kutaga, amefungwa kamba mguuni na kutiwa kikapuni. Binti akampa jina la Zawadi. Sisi tunaishi orofa ya nne mtaani Kahawa West, na mkataba wetu wa nyumba unakataza hata paka. Zawadi alilala bafuni usiku mmoja tu, na asubuhi jirani wa chini akabisha mlango akiuliza kwa upole kama tumefungua shamba.

Najua wasomaji wangu wa kutoka magharibi mwa nchi tayari wanauliza kwa nini sikuinjika sufuria. Nilifikiria jambo hilo. Lakini mtoto alikuwa amekwisha kumpa jina, na kuku mwenye jina hashuki kooni kwa urahisi.

Tulifika Kinoo saa saba. Shangazi alikuwa ameenda kwenye mkutano wa chama cha akina mama, akatuachia ufunguo kwa mpangaji. Mimi, niliyelelewa na kuku wakipita chini ya meza, nikajiambia kwamba kuku ni kuku. Nikamfungua Zawadi kamba, nikamsukuma ndani ya wavu, nikaenda kuweka chai motoni.

Maji hayajachemka, binti akapiga yowe.

Nilipotoka nje nilikuta kuku wamekusanyika kwenye pembe ya ua kama watu wanaotazama mwizi aliyeshikwa. Kuku mweusi mkubwa alikuwa amempanda Zawadi mgongoni, amemng'ang'ania kisogo kwa mdomo. Alipochoka akashuka, mwingine akashika zamu. Zawadi alikuwa ameingiza kichwa katikati ya wavu na nguzo, mahali pasipo na pa kutokea, na damu ilikuwa inamchuruzika kutoka kwenye upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani. Kila damu ilipozidi ndivyo walivyozidi kumdonoa. Hata kuku mmoja mwembamba, aliyenyonyoka manyoya ya mgongoni, alitoka chini ya meza ile mbovu akaja naye kuonja.

Nikaingia na fagio. Sitaki kukueleza mengi. Nilitoka na kuku kwapani, mikwaruzo mikononi, na mtoto anayelia akinitazama kama mimi ndiye niliyemdonoa. Kwa hakika hakukosea.

Shangazi aliporudi hakunigombeza. Alimwosha Zawadi jeraha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akampaka ile dawa ya zambarau ambayo sisi sote tulipakwa magotini tulipokuwa wadogo. Dawa hiyo husaidia kidonda, lakini kwa kuku ina faida nyingine: huficha rangi nyekundu. Kuku hushindwa kupita kitu chekundu bila kukidonoa, na kidonda kidogo cha asubuhi huweza kuwa kifo cha jioni. Kisha akamfungia katika jiko lake la zamani, mbali na wenzake, akanigeukia.

"Mwanangu," akasema, "wewe ukihamia ploti mpya, unaingia tu chumbani kwa jirani ukalale kitandani mwake?"

Wakubwa na wadogo

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nilipokuwa shuleni tulifundishwa kwamba maana yake ni kuwa mgeni hujulikana tu. Shangazi anaichukulia methali hiyo kwa uzito wa mfugaji. Kule kwetu kuku aliyenunuliwa sokoni hufungwa kamba siku kadhaa ili azoee nyumba asije akapotea, na wenye nyumba nao wamzoee. Hata hivyo yeye haipendi kamba, kwa kuwa kuku aliyefungwa hawezi kukimbia akishambuliwa. Yeye hutumia wavu.

Ili uelewe sababu, inakubidi kwanza ujue serikali ya kuku ilivyo.

Mwaka 1922 Thorleif Schjelderup-Ebbe, raia wa Norway, alichapisha kwa Kijerumani matokeo ya miaka mingi ya kuwatazama kuku wa nyumbani, kazi aliyoianza angali mtoto. Aliandika ni nani humdonoa nani, na ni nani hukubali kudonolewa bila kurudisha. Alikuta kwamba kuku wa kundi moja hujipanga kama ngazi: wa kwanza huwadonoa wote, wa pili huwadonoa wote isipokuwa wa kwanza, na hivyo hivyo mpaka wa mwisho, ambaye hana wa kumdonoa. Majogoo nao huwa na ngazi yao wenyewe.

Nilipomsomea shangazi habari hizo kutoka kwenye simu alicheka sana. "Huyo mzungu angepita hapa ningempa kiti na kikombe cha chai," akasema. "Yote hayo angeyaona kwa asubuhi moja."

Na kweli huonekana. Yule kuku mweusi aliyeanzisha vurugu anaitwa Bi Mkubwa. Yeye hula kwanza, hunywa kwanza, na hulala juu kabisa. Anayemfuata ana madoadoa, na kwa vile hupenda kusimama karibu na lango kama anayeandika nani ameingia na nani ametoka, anaitwa Karani. Yuko Kishingo, ambaye shingo yake haina manyoya, kama walivyo baadhi ya kuku wetu wa kienyeji. Wako kuku wanne wa kuroila ambao ni wakubwa kwa mwili kuliko hao wote, lakini wote wanne humwogopa Bi Mkubwa kama watoto wa darasa la kwanza wanavyomwogopa mwalimu mkuu. Ukubwa wa mwili si kila kitu. Umri, ukakamavu, ukubwa wa upanga na ukongwe katika ua vyote huhesabiwa. Chini kabisa yuko yule mwembamba wa chini ya meza. Huyo anaitwa Yatima.

Usidhani ngazi hii imenyooka kama ya fundi. Karani humdonoa Kishingo. Kishingo humdonoa mmoja wa kuroila, mwenye mkia mweupe. Na huyo wa mkia mweupe, usiniulize kwa nini, humdonoa Karani. Mtafiti yule wa Norway naye aliona pembetatu za namna hiyo. Jogoo, ambaye shangazi humwita Chifu, hajishughulishi na vyeo vya akina mama, ila wawili wakizidisha ugomvi huenda akasimama katikati yao, nao wakaachana.

Jambo lililonishangaza ni kwamba ngazi hii, ambayo nilidhani ni uonevu mtupu, ndiyo inayoleta amani. Mara vyeo vinapokwisha kujulikana, mapigano hupungua. Bi Mkubwa hahitaji kumpiga mtu. Huinua shingo, humtazama mwenziwe, na mwenziwe hujipisha. Siku nzima unaweza kukaa pale usione hata unyoya ukiruka. Vita huzuka ngazi inapotikiswa: kuku akiongezwa, kuku akitolewa, au kuku akirudi baada ya kukosekana kwa majuma mawili matatu, maana huenda wenzake wakampokea kama mgeni. Kuku hutambuana hasa kwa kichwa. Ukimbadilisha mmoja sura ya upanga wake, jamaa zake mwenyewe wanaweza kumshambulia wasimjue.

Kwa sababu hiyo shangazi hachinji kuku jike Krismasi. Wageni wakija hupikiwa pora, yaani jogoo vijana, ambao wangeanza kusumbuana hata hivyo. Mwaka mmoja shemeji yake alisisitiza apewe kuku mnono, na aliyekuwa mnono kuliko wote ni yule aliyetawala kabla ya Bi Mkubwa. Walimla. Kwa siku kadhaa baada ya hapo, anasema, ua ulikuwa kama kituo cha kupigia kura ambacho matokeo yake yamecheleweshwa.

Siku moja uani

Nilirudi Kinoo Jumapili nyingi baada ya mkasa ule, safari nyingine nikilala huko Jumamosi. Ukitaka kuwajua kuku, amka nao.

Banda hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu, Kinoo ingali na baridi ya kukufanya utafute sweta. Bi Mkubwa hutoka wa kwanza, husimama mlangoni kidogo kama mwenye nyumba anayekagua hali ya hewa, na wengine hungoja nyuma yake. Yatima hutoka mwisho, akipita ukutani.

Hapo ndipo utaona ujanja wa kwanza wa shangazi. Chakula hakiwekwi mahali pamoja. Sahani moja ndefu iko karibu na banda. Nyingine iko nyuma ya mparachichi, mahali ambapo anayekula kwenye ya kwanza hawezi kuiona. Maji vilevile yako pande mbili. Kuku mkubwa hawezi kulinda sahani mbili kwa wakati mmoja, na anapokimbilia ya pili, walioachwa kwenye ya kwanza hushiba. Kuku anayetaga hula kama gramu 120 za chakula kwa siku, na kila mmoja anahitaji nafasi ya sentimita 10 hivi ya kuingiza kichwa. Ukiweka sahani moja fupi, wa chini hula mabaki, na usishangae baadaye asipotaga.

Shangazi hajui habari za sentimita. Yeye kila jioni huingia bandani na tochi akawapapasa wale wa chini kile kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo. Kikiwa kimejaa na kigumu kiasi, anajua amekula. Kikiwa kitupu, kesho yake kuku huyo hulishwa peke yake jikoni.

Kuanzia saa tatu hivi ni kutaga. Kuna viota vinne, kwani kiota kimoja huwatosha kuku wanne au watano, vyote vya ukubwa mmoja na vyote vimetandikwa nyasi kavu. Kuku wote wanakitaka kiota cha pili kutoka kushoto. Nimemwona Karani amesimama mbele ya kiota hicho akilalamika kwa sauti kubwa kwa muda ambao ningekunywa vikombe viwili vya chai, ilhali vitatu vilivyobaki vi vitupu. Bi Mkubwa alikuwa ndani, na hakuwa na haraka.

Adhuhuri, jua likipenya kati ya majumba, huenda kuoga. Kuku haogi maji, huoga vumbi. Shangazi amewachimbia shimo chini ya mparachichi akachanganya udongo mkavu na majivu, nao hujilaza humo kwa ubavu, wakajirushia vumbi mpaka ndani ya manyoya ili kujikinga na chawa na utitiri. Hapa, kwa mshangao wangu, vyeo hulegea. Nimemwona wa tatu na wa kumi na moja wamelala ubavu kwa ubavu, macho wameyafumba.

Chifu peke yake haogi wengine wakiwa wanaoga. Hutazama juu. Wewe mkaazi wa Nairobi unawajua mwewe wetu ambao hawaogopi hata kunyakua mkate mkononi mwa mtoto wa shule. Kivuli kikipita, Chifu hutoa mlio mmoja, na kabla hujapepesa jicho ua ni mtupu, wote wako chini ya meza na matawi. Chifu pia akipata funza hali. Hulia ko-ko-ko, akamwokota na kumwangusha, akamwokota na kumwangusha, hadi kuku jike mmojawapo aje amle. Binti yangu alisema baba yake aje aone. Sikulijibu hilo.

Jioni ni kupanda vitanda. Ndani ya banda kuna fito tatu za kulalia, kila kuku akipewa nafasi ya kama sentimita 20. Ufito wa juu ni wa wakubwa. Kwa dakika kadhaa husukumana, hushushana na kupandishana, kisha taratibu minong'ono huisha na giza huingia.

Pa kukimbilia

Nilimwuliza shangazi ile meza mbovu na magurudumu ni ya nini. Akakaa chini kwanza.

Mwaka 2019 alikuwa na kuku 26 na ua mara mbili ya huu. Akajenga vyumba vya kupangisha, kama walivyofanya majirani wote. Simlaumu, kodi ndiyo inayomlisha. Ua ukapungua nusu, kuku wakabaki 26. Katika muda wa mwezi mmoja, anasema, waliokuwa wakiishi vizuri walianza kunyonyoana migongo. Mmoja akafa, wa pili akafa, na mayai aliyokuwa akimuuzia mwenye kioski yakapungua hata kioski ikatafuta mtu mwingine. Watu wakamshauri awakate ncha za midomo, kama inavyofanywa kwa kuku wengi wa mayai wanaofugwa kwa wingi. Akakataa.

"Nilikaa hapa kwenye kigoda siku nzima nikiwatazama," akaniambia. "Nikaona kitu kimoja. Anayepigwa hukimbia. Akishakimbia, mkubwa humwacha, maana ameshinda. Sasa hapa, akikimbia hatua tatu amefika kwenye wavu. Mkubwa anamwona bado yuko. Anadhani anamdharau. Anampiga tena."

Wengine aliwauza. Kisha akaingiza meza, akaingiza magurudumu, akarundika matawi. Kuku anayedonolewa sasa huzunguka nyuma ya meza, akatoweka machoni, na mambo yakaishia hapo. Banda lenyewe ni futi 6 kwa 8, ambayo kwa kuku 15 ni zaidi ya futi tatu za mraba kwa kila mmoja. Wako wanaokwambia kwamba hata mbili zatosha. Shangazi huwajibu kwamba hao hawajawahi kulala mle.

Wakati akisimulia, mpangaji mmoja wa orofa ya tatu katika jumba la jirani alikuwa ameegemea roshani akitutazama. Roshani yenyewe ilimtosha yeye na beseni.

Kurudi kwa Zawadi

Zawadi alikaa jikoni majuma mawili. Kidonda kilihitaji muda, na isitoshe kuku aliyesafiri kwa basi kutoka Mumias anaweza kuja na ugonjwa wa kideri, ule ambao wengi huuita Newcastle, ambao humaliza banda zima kwa siku chache. Mtaalamu wa agroveti alimchanja. Usiruke hatua hii, msomaji, hata kama kuku ametoka kwa mama yako mzazi.

Majuma mawili yaliyofuata alihamishiwa uani, lakini ndani ya kizimba kidogo cha wavu. Wangeweza kumwona, kumsikia na kula mbele yake, bila kumfikia. Siku za mwanzo Bi Mkubwa alizunguka kizimba kile akikipiga mdomo. Siku ya nne akachoka. Siku ya saba Karani alikuwa analala kivulini kando yake.

Kisha shangazi akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alimkamata Yatima, akamtia ndani ya kizimba pamoja na Zawadi.

Binti yangu akapinga. Alikuwa hajasahau kwamba Yatima naye alidonoa siku ile. "Nyanya, huyu ni mbaya!"

"Si mbaya," shangazi akasema. "Hajawahi kupata nafasi. Anayeingia peke yake huingia na maadui. Anayeingia na mwenzake, kazi ya kupigwa wanagawana."

Wawili hao walitazamana, wakainua manyoya ya shingo, wakarukiana mara mbili. Kisha wakala. Mle ndani hakukuwa na mwingine wa kuwafukuza chakulani, na katika majuma hayo mawili mgongo wa Yatima ulianza kuota manyoya.

Usiku wa kuwaunganisha ulikuwa wa Jumamosi. Saa mbili, kuku wote wamelala, tuliingia bandani kimya kimya, tochi imefunikwa kwa kitambaa. Gizani kuku haoni vizuri na hana ari ya ugomvi. Binti ndiye aliyembeba Zawadi. Tukamweka kwenye ufito wa chini, Yatima ubavuni pake, tukatoka kama wezi.

Mtoto hakulala. Saa kumi na moja alikuwa amevaa viatu.

Kabla ya kufungua mlango, shangazi alitundika mafungu manne ya sukuma wiki kwenye wavu, moja kila upande, juu kidogo ili wayarukie. Kuku mwenye shughuli hana muda wa siasa. Walipotoka waliyaendea mboga mbio. Bi Mkubwa alimwona Zawadi, akasimama, akainua shingo. Zawadi akainamisha kichwa na kuondoka, akapita nyuma ya meza. Bi Mkubwa akarudi kwenye sukuma wiki yake.

Kulikuwa na mapigano, sitakudanganya. Mmoja wa wale kuroila alimrukia mara tatu asubuhi hiyo, na mara ya tatu Zawadi alisimama, akarudisha, manyoya yakaruka, binti akanishika mkono hadi ukaniuma. Ilichukua muda mfupi kuliko ninavyokusimulia. Yule wa kuroila ndiye aliyegeuka. Siku tatu mayai yalikuwa matano badala ya tisa. Ya nne yakawa saba. Juma lililofuata shangazi alipiga simu kusema kwamba katika kiota cha pili kutoka kushoto ameokota yai dogo la rangi ya kahawia ambalo hajawahi kuliona, na kwamba mwenyewe aje alichukue.

Tulikwenda Jumapili hiyo hiyo. Binti alilifunga yai kwenye skafu yake, akaenda uani kumshukuru mwenyewe. Nami nikakaa na shangazi kwenye kigoda tukimenya njegere.

Muda si mrefu akarudi, uso umebadilika. Alikuwa amemkuta Zawadi kwenye sahani ya nyuma ya mparachichi. Yatima alipokaribia kula, Zawadi alimdonoa kichwani. Si mara moja. Yatima akakimbilia chini ya meza.

"Walikuwa marafiki," akasema. "Mama, alimfukuza na walikuwa marafiki!"

Nilimtazama shangazi anisaidie. Yeye aliendelea kumenya. Baadaye akamshika mkono, akamwambia angoje giza liingie ndipo tuondoke, ingawa nilimkumbusha kwamba kesho yake ni shule. Ilipofika saa moja alitupeleka bandani na ile tochi yake. Zawadi alikuwa amepanda ufito wa katikati. Yatima alikuwa amelala pale pale ubavuni pake, amejibana, kichwa amekiingiza chini ya bawa la mwenziwe. Shangazi akampapasa kile kifuko cha chini ya shingo, akamshikisha mtoto naye apapase. Kilikuwa kimejaa.

Matatu ilikuwa na nafasi mbili za nyuma. Tulipita Uthiru, tukapita Kangemi, binti akiwa ameshika yai kwa mikono miwili bila kusema neno. Taa za Westlands zilipoanza kuonekana ndipo aliponiuliza.

"Sasa Yatima, yeye atamdonoa nani?"

Nilikuwa bado natafuta la kumwambia makanga aliponigusa bega, akidai nauli ya watu wawili.